Msikiti Mkuu wa Kilwa na Uhai wa Majengo ya Chokaa

Usanifu wa kuhuisha, yaani ujenzi unaokusudia kurudishia mazingira na jamii kile ambacho jengo limechukua, huelezwa kana kwamba ni elimu ya leo, ilhali baadhi ya misingi yake ilifuatwa zamani na mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mfano mmoja ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, katika pwani ya Tanzania. Sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11; mwanzoni mwa karne ya 14, katika utawala wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ulipanuliwa kwa nguzo na kuba, na sehemu hiyo ilipoporomoka ikajengwa upya katika karne ya 15.

Siri ya kujengeka upya huko ilikuwa chokaa. Matumbawe yalichomwa juu ya magogo, yakazimwa kwa maji, na chokaa iliyopatikana ikaachwa ikomae kabla ya kutumiwa. Inapokauka ukutani, chokaa hufyonza tena kutoka hewani sehemu ya kaboni dayoksaidi iliyotoka wakati wa kuchomwa; tena hupitisha unyevu, hivyo ukuta uliolowa hukauka wenyewe, na lipu iliyochakaa hubanduliwa bila kulijeruhi jiwe. Ni haki kusema pia kwamba miamba ya matumbawe hukua polepole mno, na kwamba kuni za tanuri zilikuwa mzigo kwa misitu. Mafundi hao hawakurudisha kila walichotwaa.

Lakini ufundi pekee haudumishi jengo. Misikiti mingi ya pwani ilitunzwa kwa wakfu, yaani mashamba au nyumba zisizouzwa wala kurithiwa, ambazo mapato yake hulipia matengenezo. Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, biashara iliyoulisha mji ilidhoofika, na utunzaji ukadhoofika pamoja nayo. Baadaye saruji, iliyopakwa juu ya kuta za kale katika miji kadhaa ya pwani kwa nia njema, ilifungia unyevu na chumvi ndani ya mawe na kuyamomonyoa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliyoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014. Funzo ni lile la wakfu: wanaopanga shule na zahanati za pwani leo hawana budi kutenga fungu la matengenezo siku ileile wanapotenga fungu la ujenzi.