Nduthi Inazima-zima? Soma Dalili Kabla Ununue Kabureta Mpya

Nduthi ya kitambo ikianza kukusumbua, usikimbilie kabureta mpya. Mara mob shida ni uchafu tu, na kila siku inalala kwa fundi ni siku hujaingiza doo.

Anza na rahisi: safisha filta ya hewa, cheki plagi, hakikisha koki ya tanki iko wazi. Kama ziko fiti, soma dalili:

1. Inazima ukiachilia mafuta: jeti ndogo imeziba.

2. Inataka choki hata ikishapata moto: hewa ni mob kuliko mafuta. Jeti imeziba, ama mpira kati ya kabureta na injini umepasuka.

3. Moshi mweusi, plagi nyeusi kama makaa: mafuta imezidi. Cheki kama choki imekwama.

4. Petroli inadondoka kwa paipu ya chini: sindano ya floti imekwama ama imeisha. Badilisha hiyo sindano pekee.

Kabla ufungue, funga koki, ngoja injini ipoe, na sigara ikae mbali. Mwaga mafuta ya kabureta kwa chupa safi. Kama kuna maji, utayaona yamekaa chini. Jeti ipulizwe na upepo wa kompresa, usiidunge na waya. Shimo likipanuka, nduthi itakunywa mafuta daily. Skrubu ya hewa nayo, ikaze polepole ukihesabu mizunguko kabla ya kuitoa, ndio uirudishe palepale.

Ukimaliza hayo yote na bado inasumbua, sasa muone fundi, lakini umwambie dalili gani umeona.