Kasongo ya Waungwana

Wabelgiji waliandika kwamba Kasongo, katika Maniema ya mashariki mwa Kongo, ulikuwa mji wa Waarabu. Waarabu wenyewe walikuwa wachache: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mwanawe Sefu, jamaa zao na matajiri kadhaa. Walioujaza mji miaka ya 1880 walikuwa Wakusu, Wazimba na Wabangubangu, pamoja na wapagazi wa Kinyamwezi na Waswahili wa Mrima waliokuja kwa njia ya Ujiji.

Njia hiyo ilipita Kabambare. Livingstone alifika huko mwaka 1869 akifuatana na msafara wa mfanyabiashara Muhammad Bogharib. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamfunga hapo miezi mingi. Alipopata nafuu alisogea hadi Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, na soko lake likamvutia kuliko kitu chochote. Wagenya walileta samaki kwa mitumbwi, wanawake wa bara wakaja na mafuta ya mawese, vyungu, kuku na chumvi. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa mfanyabiashara Dugumbi walifyatulia soko hilo bunduki. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Atakayeusifia mchanganyiko wa watu wa Maniema aanze na siku hiyo.

Maana wengi hawakuja mjini Kasongo kwa hiari. Kijana wa Kikusu aliyetekwa alitahiriwa, akapewa jina la Kiislamu, kanzu na bunduki. Baada ya miaka michache naye aliitwa mwungwana, akatumwa kuteka wengine. Msichana akawa suria, na mtoto aliyemzalia bwana wake alikuwa huru kwa sheria, mwenye ukoo wa baba na lugha ya mama. Nyumba moja ilisali kwa Kiarabu, ikafanya biashara kwa Kiswahili na kugombana kwa Kikusu. Ngongo Lutete, jemadari mkubwa wa Tippu Tip, hakuwa na asili ya pwani hata kidogo. Mwaka 1892 aliwageukia mabwana zake akajiunga na jeshi la kamanda Mbelgiji Dhanis lililopigana nao; Septemba 1893 maofisa wa jeshi hilohilo wakampiga risasi.

Nyangwe ilikuwa imeanguka mikononi mwa jeshi hilo Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Daktari Mwingereza Hinde, aliyeingia na washindi, alistaajabia vitanda vya kuchongwa, hariri, sukari, mishumaa na viberiti. Nje ya nyumba kulikuwa na michungwa, mipera, mikomamanga na maghala ya mpunga. Askari walilalia magodoro ya matajiri. Waliolima ule mpunga Hinde hakuwataja sana, nao ndio waliokuwa mji.

Kabambare ilitekwa Januari 1894. Serikali mpya ilisema imekuja kuwaondoa Waarabu, lakini mengi ya mambo yao iliyatwaa: ikaamuru askari na wapagazi kwa Kiswahili, ikawatoza watu mpunga, baadaye ikawalazimisha kulima pamba. Uislamu ndio ulioitia wasiwasi. Shule ziliachiwa mapadre, na mzazi ambaye hakutaka mwanawe abatizwe alimpeleka chuo cha Kurani kwa mwalimu, akajifunze herufi za Kiarabu zilizokuwa zimeandika barua na madeni ya mji huu kabla Mbelgiji hajafika. Katika ofisi za Kasongo herufi hizo hazikufaa kitu, na ukarani wakaupata waliosoma misheni.