Taarabu ya Mombasa na Usiku wa Harusi

Historia ya taarabu ya Mombasa haiwezi kuandikwa kwa kufuata majengo, kama inavyoweza kuandikwa ile ya Unguja, kwa sababu katika kisiwa cha Mombasa muziki huu, ambao ni uimbaji wa mashairi ya Kiswahili kwa udi, fidla na ngoma ndogo za mkono, haukuwahi kutegemea nyumba yake wenyewe. Unguja taarabu ililelewa na klabu, yaani chama chenye wanachama, viongozi, ada na jumba la mazoezi, na Akhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, imedumu kwa utaratibu huo hadi leo. Mombasa ilichagua njia nyingine. Kundi la huko liliitwa "party", lilikuwa mali ya mwimbaji mmoja na aghalabu lilibeba jina lake; lilikodishwa kwa usiku mmoja, likalipwa, likatawanyika, na mahali pake pa kuimbia palikuwa uani mwa nyumba au katika uchochoro uliofungwa kwa ajili ya harusi. Ndiyo maana mtu wa makamo wa Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, akitaka kukumbuka usiku fulani wa muziki, huanza kwa kutaja ilikuwa harusi ya nani, kisha nani aliimba.

Mazoea ya kukesha kwa muziki yalikuwapo mjini kabla ya taarabu kuenea. Mwishoni mwa karne ya 19 pwani ya Kenya ilizuka beni, ngoma ya mashindano iliyoiga gwaride na tarumbeta za bendi za kijeshi, na mwanahistoria Terence Ranger, aliyeichunguza ngoma hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliihusisha pia na bendi ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Wanawake nao walikuwa na lelemama, ngoma ya kusimama safu na kusogeza mikono na mabega kwa utulivu, iliyoendeshwa na vyama vyenye vyeo, sare na uhasama mkubwa. Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, ameeleza jinsi vyama viwili, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa karamu, mavazi na nyimbo za kusutana. Ushindani huu unastahili kuzingatiwa, maana lelemama ilipofifia katika miaka ya 1950 na baadhi ya wanawake kuelekeza nguvu zao kwenye vyama vya elimu na maendeleo, haja ya kusutana kwa wimbo haikufifia pamoja nayo. Ilihamia kwenye taarabu.

Taarabu yenyewe ilikwisha kupata jina kwa njia ya santuri. Siti binti Saad wa Unguja alirekodiwa Bombay na kampuni ya HMV mwaka 1928, na miongoni mwa wanamuziki wa kundi lake alikuwamo Mbaruk Talsam, mpiga udi kipofu wa Mombasa, ambaye sauti yake ilibaki kuwa kipimo cha waimbaji wa mji huo kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 redio ya Sauti ya Mvita, iliyotangaza kutoka Mombasa, iliziingiza nyimbo hizi majumbani, na baadaye duka la Assanand, la wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, likawa mchapishaji mkuu wa taarabu ya mji kwa lebo yake ya Mzuri. Hata hivyo, santuri moja haikuchukua zaidi ya dakika chache kwa kila upande, ilhali shairi lililoimbwa harusini lingeweza kurefushwa mara tatu au nne ya muda huo, ubeti mmoja ukirudiwa kwa kadiri wasikilizaji walivyoutaka. Anayeisikiliza taarabu ya Mombasa kwa santuri pekee anausikia muhtasari wake.

Usiku wenyewe ulikuwa na taratibu zilizojulikana na kila mtu. Harusi ya Waswahili wa Mji wa Kale ilichukua siku kadhaa, na kila siku ilikuwa na muziki wake: kulikuwa na vugo, ambamo wanawake waliandamana wakigonga pembe kwa vijiti huku wakiimba, kulikuwa na chakacha, ngoma ya kiuno inayochezwa na wanawake kwa mdundo wa haraka, na kulikuwa na taarabu, iliyogharimu zaidi na iliyoonyesha uwezo wa mwenye harusi. Turubai lilifungwa kati ya nyumba na nyumba, mikeka na viti vikatandazwa, umeme ukavutwa kutoka dirisha la jirani, na baada ya sala ya isha wapigaji wakaanza kulinganisha nyuzi. Katika mikusanyiko ya wanaume kahawa tungu na halua zilipitishwa, na mashairi ya taratibu yalisikilizwa kwa kichwa kilichoinama, mtu akiguna tu pale fumbo lilipomgusa. Katika mikusanyiko ya wanawake, ambamo wapigaji wanaume walivumiliwa kwa sababu ya kazi yao, mambo yalichangamka zaidi, na kadiri usiku ulivyosonga ndivyo mwimbaji alivyotarajiwa kuacha nyimbo za kulia mapenzi na kuingia katika nyimbo za kucheza na za kusutana.

Hapo ndipo kutunza kulipokuwa na maana yake kamili. Kutunza ni kumpa mwimbaji fedha wakati anaimba, na mwanamke aliyeinuka na noti mkononi, akasogea kwa mwendo wa ngoma hadi mbele ya kundi, hakuwa anamlipa mwimbaji tu, bali alikuwa anaudai ubeti ule kuwa wake na kumwelekezea mtu fulani aliyekuwapo, ambaye alijua kwamba ndiye anayesemwa na ambaye hakuwa na njia ya kujibu ila kungoja ubeti wa kufaa na kuinuka naye pia. Mshairi alitunga kwa mafumbo, yaani kwa maneno yenye maana ya nje na ya ndani, hivyo basi hakuna aliyeweza kumshitaki mwenzake kwamba ametukanwa. Sifa ya uungwana iliyohusishwa na taarabu, ambayo waandishi wengi wameipokea bila kuihoji, ni nusu ya ukweli, kwa kuwa lugha iliyofichwa hivyo iliwezesha ukali ambao mazungumzo ya kawaida ya mtaani yasingeuruhusu.

Kati ya miaka ya 1960 na 1980 masikio ya mji yaligawanyika kati ya mabingwa wawili. Mohamed Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, ambazo watu wa Mombasa walizifuata kwa hamu katika majumba ya sinema kama Regal, Naaz na Majestic. Nyingi katika nyimbo zake zilitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa diwani ya Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, na hivyo msikilizaji alipata lahani ya Bombay iliyobeba Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilichokomaa. Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Mombasa na kufariki mwaka 2016, alishika njia ya udi na mahadhi ya Kiarabu na ya visiwani, akiimba tungo za kale na za washairi wa wakati wake, hasa Sheikh Ahmed Nabhany. Wafuasi wa Zein waliona kwamba kuazima tuni za sinema ni uvivu wa kutunga, na wale wa Bhalo waliona kwamba udi mtupu unasinzisha harusi. Shutuma ya kwanza haina uzito mkubwa, kwa sababu mahadhi ya Kiarabu nayo yaliazimwa, tena kwa njia ileile ya santuri na filamu, isipokuwa yalitangulia kufika.

Maulidi Juma, aliyeunda kundi lake mwaka 1972, na Zuhura Swaleh, aliyeimba pamoja naye, ndio walioipa taarabu ya Mombasa umbo ambalo wengi wanalikumbuka leo. Zuhura aliingiza waziwazi mdundo wa chakacha katika wimbo wa taarabu, jambo lililoleta ngoma ya uani mbele ya vipaza sauti, na kundi hilo lilipendwa pia kwa mlio wa taishokoto, chombo cha nyuzi kilichobuniwa Japani mwaka 1912, ambacho nyuzi zake hubanwa kwa vibonyezo mithili ya vya taipureta. Kinanda cha umeme na gitaa la besi vilikwisha kuingia pia, na Matano Juma wa Morning Star alikuwa miongoni mwa waliovitumia kwa ufundi. Katika kipindi hichohicho kaseti ilishika nafasi ya santuri, na kinasa sauti kikawekwa mbele ya spika harusini. Maduka kama Mbwana Radio Service yalinakili kaseti hizo na kuziuza, pamoja na vigelegele na vifijo vya usiku husika. Hivyo muziki usiokuwa na ukumbi ukapata ghala, na kwa mara ya kwanza wimbo wa dakika ishirini ukahifadhiwa kama ulivyoimbwa.

Upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye njia ya Kilindini iliyokuja kuitwa Moi Avenue, kulikuwa na usiku wa namna nyingine, wenye milango, tiketi na pombe, uliotegemea mabaharia wa bandari, watalii na, baada ya makubaliano ya mwaka 1980 kati ya Kenya na Marekani, askari wa manowari za Kimarekani. Bendi za pwani ziliishi kwa klabu na hoteli hizo: Them Mushrooms, walioanza mwaka 1972 na kurekodi "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Mombasa Roots, ambao "Disco Chakacha" yao iliigeuza ngoma ya bibi harusi kuwa dansi ya taa za rangi. Ni kichekesho cha historia kwamba mdundo ambao wanaume wa Mji wa Kale hawakuruhusiwa kuutazama ulichezwa hadharani na wageni umbali usiofika maili mbili kutoka ulikozaliwa. Lakini bendi hizo zilifuata soko, na Them Mushrooms walihamia Nairobi mwaka 1987.

Kupungua kwa taarabu za harusini hakukuwa na sababu moja. Lawama ya kidini ilikuwa ya zamani; Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kifo chake mwaka 1947, alikwisha kukemea israfu za sherehe, na mawaidha ya miaka ya 1980 na kuendelea yaliongeza ukali juu ya muziki wenyewe. Gharama nayo ilizidi, na mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme chenye ngoma za kurekodiwa akawa rahisi kuliko kundi la watu wanane. Harusi zikahamia kumbi za kukodi, ambako saa za kufunga zimeandikwa kwenye mkataba, na utungo wa beti kumi na tano hauna nafasi kati ya chakula na picha. Bhalo alitangaza kustaafu mwaka 2007. Kumbukumbu iliyochapishwa ni ndogo: kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa rekodi za Zein na za Maulidi mwaka 1990, na mkusanyo wa rekodi uitwao Zanzibara ukatenga juzuu lake la pili kwa taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, ukitegemea zaidi santuri za studio. Kaseti za harusini, ambazo ndizo zenye beti kamili na majibizano ya watunzaji, zimebaki mikononi mwa familia na wenye maduka, nyingi zikiwa nakala za nakala, na mwanafunzi wa ushairi wa Kimvita atakayetaka kujua mashairi haya yaliimbwaje hana budi kuanzia kwao.