Wasomaji waliomlea Claire: historia ya riwaya ya mapenzi iliyovuka karne mbili

Machi 1988, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, mwanasayansi mmoja mwenye watoto watatu wadogo alianza kuandika riwaya kimyakimya. Hata mumewe hakumwambia. Hakuwa na nia ya kuichapisha. Alitaka kujifunza namna riwaya inavyoandikwa, na aliamini kuwa njia ya kujifunza ni kuandika moja hadi mwisho. Mama huyo ni Diana Gabaldon. Riwaya yenyewe, Outlander, ilitoka mwaka 1991, na kufikia mwaka 2021 ilikuwa imezaa mfululizo wa vitabu tisa vinene. Vitabu hivyo vimefasiriwa katika lugha zaidi ya 30 na kuuzwa kwa mamilioni ya nakala.

Mengi yamesemwa kuhusu mapenzi ya Claire na Jamie, wahusika wakuu wa vitabu hivi. Ila kuna upande mmoja wa historia ya Outlander unaostahili kutazamwa kwa makini na kila anayependa fasihi: wasomaji walikuwapo tangu mswada ukiwa vipandevipande. Waliuliza, walibisha, walisahihisha, na mwandishi akawajibu. Nguvu ya riwaya hii ilitokana na majadiliano hayo.

Safari ya wakati kabla ya Claire

Binadamu alianza zamani kusimulia habari za mtu aliyetoka zama moja akajikuta katika zama nyingine. Wasomaji wa Qur'ani wanaijua vyema habari ya vijana wa pangoni katika sura ya Al-Kahf, waliolala miaka 300 na kuzidi tisa, wakaamka na kumtuma mwenzao sokoni na fedha za zamani. Wajapani wana ngano ya Urashima Taro, mvuvi aliyealikwa katika kasri la chini ya bahari, naye aliporudi kijijini alikuta vizazi vimepita. Mwaka 1819 Mmarekani Washington Irving alimlaza mhusika wake Rip Van Winkle mlimani kwa miaka 20. Mwaka 1895 Mwingereza H.G. Wells akabuni mashine ya kusafiria katika wakati, na kuanzia hapo safari hiyo ikawa mali ya riwaya za kisayansi.

Waandishi wa mapenzi waliipokea baadaye. Mwaka 1975 Richard Matheson alichapisha Bid Time Return, kisa cha mwanamume anayerudi nyuma hadi karne ya 19 kumfuata mwigizaji aliyempenda kwa kuiona picha yake. Filamu yake, Somewhere in Time, ilitoka mwaka 1980. Mwaka 1989 Jude Deveraux alitoa A Knight in Shining Armor, ambamo mwanamke wa Kimarekani analia ndani ya kanisa la Uingereza na mbele yake anatokea shujaa wa karne ya 16.

Kati ya vitabu hivyo viwili kilitoka kingine ambacho hakihesabiwi kuwa riwaya ya mapenzi, lakini kilionyesha uzito wa safari ya namna hii. Ni Kindred cha Octavia Butler, cha mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi wa California ya mwaka 1976, anavutwa ghafla hadi shamba la watumwa huko Maryland mwanzoni mwa karne ya 19. Butler aliwakumbusha wasomaji kwamba jana si mahali pa kutalii. Anayekwenda huko huenda na mwili wake, jinsia yake na rangi yake, na hulipa gharama ya kila kimoja.

Kwa hiyo Gabaldon hakuwa wa kwanza. Alichokuja nacho ni nidhamu ya mtafiti, pamoja na ujasiri wa kuwaacha wapenzi wake wazeeke mbele ya macho ya wasomaji.

Mwanamke aliyegoma kusema lugha ya zamani

Gabaldon alizaliwa Januari 1952. Alisomea zuolojia, akaendelea na biolojia ya bahari, na mwaka 1978 akapata shahada ya uzamivu katika ikolojia. Alifanya kazi Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na kuhariri jarida la programu za kompyuta za kisayansi. Alipoamua kuandika riwaya alichagua ya kihistoria, kwa hoja nyepesi: aliijua maktaba, na aliona ni rahisi kutafuta jambo kuliko kulibuni.

Alikuwa bado hajaamua zama wala nchi. Ndipo alipotazama kwenye televisheni marudio ya mchezo wa Uingereza, Doctor Who, sehemu ya zamani ya mwaka 1969 iitwayo The War Games. Ndani yake kuna kijana wa Kiskoti wa karne ya 18, Jamie McCrimmon, aliyevaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti. Kesho yake akiwa kanisani alikuwa bado anamfikiria. Akaamua: Uskoti, karne ya 18. Wakati huo alikuwa hajawahi kukanyaga nchi hiyo, na kwa kitabu chote cha kwanza alitegemea rafu za maktaba ya chuo.

Uskoti wa karne ya 18 ulimletea mgogoro uliokuwa tayari: uasi wa Wajakobiti, waliotaka ukoo wa Stuart urudishiwe kiti cha ufalme. Ili kuukoleza mvutano kati ya Waskoti na Waingereza, Gabaldon alimwingiza mwanamke wa Kiingereza katika kibanda kilichojaa wanaume wa Kiskoti. Mwanamke yule alipofungua kinywa, akasema kama mtu wa karne ya 20. Gabaldon amesimulia mara nyingi kwamba alijaribu kumsemesha kama bibi wa miaka ya 1740, na kila mara alirudi kwenye sauti yake. Mwishowe akamwachia aseme apendavyo, kisha akajiuliza amefikaje pale. Safari ya wakati ikaingia katika riwaya kwa sababu ya tabia ya mhusika mmoja.

Mwanamke huyo ndiye Claire Randall, muuguzi aliyehudumia majeruhi katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1945 anakwenda Inverness na mumewe Frank, mwanahistoria, kwa fungate ya pili baada ya miaka ya kutenganishwa na vita. Anagusa jiwe katika mduara wa mawe marefu ya kale, na anajikuta mwaka 1743. Huko anakutana na Jamie Fraser, kijana aliyetangaziwa zawadi kwa atakayemkamata, ambaye baadaye anafunga naye ndoa, na pia na ofisa wa jeshi la Uingereza anayefanana na Frank kama pacha, mkatili ajabu, ambaye ni wa ukoo wa Frank mwenyewe.

Ubishi kuhusu ujauzito

Miaka ile, kabla intaneti haijaenea, wapenda vitabu wa Marekani walikutana kupitia huduma ya CompuServe, wakiandikiana kwa kompyuta zilizounganishwa na nyaya za simu. Gabaldon alikuwa mmoja wao. Siku moja akabishana na mwanamume aliyedai kuwa anajua mjamzito anavyojisikia kwa kuwa mkewe amezaa. Gabaldon, mama wa watoto watatu, akamwambia kwamba ana kipande alichoandika kinacholieleza jambo hilo. Akakiweka wazi kila mtu asome. Ni pale ambapo Jenny, dada yake Jamie, anaeleza hali ya kubeba mimba.

Ubishi ukaisha, maswali yakaanza. Hiki ni kitu gani? Mwanzo wake uko wapi? Kwa kuwa Gabaldon huandika matukio moja moja bila kufuata mpangilio na kuyaunga baadaye, mwanzo haukuwa umekamilika. Akaweka kipande kingine, na kingine. Watu waliokuwa hawamjui kwa sura wakawa wanamuuliza habari za Jamie na Claire kama wanaouliza habari za majirani. Mmoja wa waandishi waliokuwa humo, John E. Stith, ndiye aliyemuunganisha na wakala Perry Knowlton, naye akamkubali kabla riwaya haijafika mwisho. Kampuni ya Delacorte ikatoa mkataba wa vitabu vitatu. Kitabu cha mazoezi kikawa kitabu cha dunia, na kilipotoka kikapata tuzo ya RITA ya Chama cha Waandishi wa Riwaya za Mapenzi cha Marekani.

Maswali yasiyokwisha

Tangu hapo Gabaldon hajaacha kuzungumza na wasomaji wake, na mazungumzo hayo yameingia hadi ndani ya vitabu.

Kigaeli, lugha ya jadi ya Waskoti, alikitoa kwenye kamusi alipoandika kitabu cha kwanza. Baadaye mzawa wa visiwa vya Uskoti, aliyenyonya lugha hiyo kwa mama yake, akamwandikia kuhusu Kigaeli hicho, na ndiye aliyemsaidia katika vitabu vilivyofuata. Toleo la Uingereza, lililopewa jina Cross Stitch, lilisogezwa kutoka mwaka 1945 hadi 1946, kwa kuwa mwaka huo ulilandana zaidi na hali ya Uskoti baada ya vita. Mwandishi mwenye kiburi angeona hayo ni madogo. Gabaldon aliyapokea.

Wasomaji walitaka pia kujua safari yenyewe inafanyikaje. Mwanabiolojia akajibu kama mwanabiolojia. Katika The Outlandish Companion, kitabu cha mwongozo cha mwaka 1999, alieleza kwamba uwezo wa kupita kwenye mawe hurithiwa kutoka kwa wazazi. Kwamba njia hufunguka zaidi katika nyakati fulani za mwaka zinazofuata mwenendo wa jua na sikukuu za kale za moto. Na kwamba vito vya thamani humkinga msafiri. Vilevile aliweka mpaka: msafiri anaweza kuokoa uhai wa mtu mmoja, lakini nguvu za mtu mmoja hazitoshi kuzuia tukio kubwa la historia. Mpaka huo ndio uchungu wa riwaya nzima. Claire anazijua tiba za karne ya 20, hata penisilini anaitengeneza kwa kuvu. Anajua pia vita vitakavyowamaliza watu anaowapenda, na vita hivyo hawezi kuvizuia.

Wapo waliomshambulia Frank, na Gabaldon akasimama kumtetea mume huyo aliyeachwa. Wapo waliokasirishwa na tukio la Jamie kumchapa Claire, na hasira yao ina haki. Gabaldon amejibu kuwa Jamie ni mume wa mwaka 1743, na kumvika adabu za leo kungekuwa kumwongopea msomaji. Mtu anaweza kulipokea jibu hilo au kulikataa. Mimi naona thamani yake ni kwamba ndani ya kitabu Claire halikubali tendo lile, na Jamie analazimika kula kiapo. Karne mbili zinagongana ndani ya ndoa moja, na msomaji anaona bei ya kila hatua ambayo wanawake wamepiga tangu hapo.

Na lipo swali la mzimu. Mwanzoni kabisa mwa kitabu cha kwanza, Frank anamwona mtu wa mavazi ya Kiskoti akimtazama Claire dirishani usiku, kisha anatoweka. Ni nani? Gabaldon amethibitisha kuwa ni Jamie. Alifikaje pale, amesema, litaelezwa mwishoni mwa mfululizo. Wasomaji wa mwaka 1991 bado wanasubiri, nao wamewarithisha watoto wao swali hilo.

Kaburi la kweli

Jina la Fraser lina historia yake. Vita vya Culloden vilipiganwa Aprili 16, 1746, karibu na Inverness, na havikufika saa moja. Wajakobiti wapatao 1,500 waliuawa. Baada ya kushindwa kwao Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti, na sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Katika utafiti wake Gabaldon alisoma habari za maofisa majeruhi waliojificha katika nyumba ya shambani baada ya vita, kisha wakatolewa na kupigwa risasi. Mmoja wa kikosi cha Fraser alinusurika. Gabaldon akaona kwamba kama Jamie ataishi baada ya Culloden, basi lazima awe Fraser.

Leo, hasa baada ya tamthilia ya televisheni ya Outlander kuanza kuonyeshwa Agosti 2014, wageni wamekuwa wengi kwenye uwanja wa vita wa Culloden, na jiwe la kaburi la ukoo wa Fraser huwekewa maua kwa ajili ya mtu asiyewahi kuzaliwa. Nyasi zimekanyagwa hadi wasimamizi wakalazimika kulizungushia jiwe hilo uzio. Wapo Waskoti wanaosikitika, nao wana sababu, maana chini ya nyasi zile wamelala watu wa kweli. Lakini maelfu ya wasomaji wasingelijua kabisa jina la Culloden pasipo Claire, na wengi wao hutoka kwenye riwaya wakaingia kwenye vitabu vya historia.

Hapa kwetu hadithi za mfululizo magazetini zina umri mrefu, na sasa waandishi wengi chipukizi huzitoa sehemu kwa sehemu kupitia simu, msomaji akijibu papo hapo. Njia aliyopita Gabaldon ni hiyohiyo. Kwa waandishi hao nina ombi. Msomaji anapouliza kwa nini mhusika ametenda hivi, mjibuni kwa uzito. Anapowasahihisha tarehe au lahaja, mshukuruni na mrekebishe. Mkitaka kuandika mapenzi ya zama za Kilwa au za Majimaji, ingieni maktaba kwanza, kaeni na wazee, someni kumbukumbu. Wasomaji wa Kiswahili wako tayari kusafiri hadi karne yoyote, na wanastahili kupelekwa na mtu anayeijua njia.