Lobedi: Trela Linalotangulia Barabara

Tingatinga hung'oa miti na kushusha kilima, lakini haliwezi kujipeleka kazini. Mwendo wake ni wa pole, minyororo yake ya chuma hulika upesi katika safari ndefu, na lami inayokanyagwa nayo huharibika. Mashine inayofungua njia ni lazima ibebwe. Kinachoibeba ni lobedi, trela lenye jukwaa lililoshushwa karibu na ardhi, na historia yake ni sehemu ya historia ya kila barabara tunayopita.

Chanzo cha haja hiyo kiko Stockton, California. Tarehe 24 Novemba 1904, Benjamin Holt alijaribu trekta la mvuke alilolivua magurudumu ya nyuma na kulivisha minyororo. Mashamba ya huko yalikuwa na udongo laini uliomeza magurudumu. Minyororo iliutandaza uzito kwenye eneo pana, na trekta likapita bila kuzama. Tope likawa limeshindwa, ikabaki safari.

Mwaka 1914, mhunzi wa Detroit, August Fruehauf, aliombwa na mfanyabiashara wa mbao atengeneze kifaa cha kuvutwa na gari la Ford ili kusafirisha mashua. Alichounda kilikuwa nusu-trela: nyuma lina magurudumu yake, mbele linaegemea gari linalolivuta. Kwa kuwa uzito uligawanywa, gari dogo liliweza kuvuta mzigo ambao lisingeweza kuubeba mgongoni. Msingi huo ndio unaotumika hadi leo.

Mizigo iliendelea kukua. Mwaka 1929, kampuni ya Scammell ya Uingereza iliunda malori mawili ya kuvuta tani 100, na huko nyuma kwenye trela alikaa mtu wa pili mwenye usukani wake ili kulipitisha kwenye kona. Katika ujenzi wa bwawa la Hoover nchini Marekani miaka ya 1930, vipande vya mabomba ya chuma vyenye kipenyo cha futi 30 vilisafirishwa kwa trela la tani 200 lililovutwa na matrekta ya minyororo. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaleta malori ya Diamond T na matrela ya magurudumu mengi kwa ajili ya kubebea vifaru. Vita vilipokwisha, wasafirishaji wa Uingereza waliyanunua na kuyatumia kwa mizigo mizito ya kiraia.

Ufundi uliorahisisha kazi zaidi ni shingo inayochomolewa. Dereva hutenganisha shingo na jukwaa, mbele ya trela hulala chini, na tingatinga hupanda kwa mteremko mdogo. Jukwaa likiwa chini, mzigo hauyumbi ovyo, na kimo chake hupita chini ya madaraja na nyaya.

Tanganyika ilijifunza kwa gharama kubwa umuhimu wa usafiri huo. Mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, ikitegemea matrekta na matingatinga yaliyopitia bandari ya Dar es Salaam. Mafuriko ya mto Kinyasungwe yaling'oa reli, na barabara ya vumbi ikabaki njia pekee. Mradi ulikuwa na matatizo mengine mengi, ukiwemo ukame na udongo mgumu, na mwaka 1951 ukaachwa. Hata hivyo pigo la mwanzo lilikuwa njia: mipango ya kufyeka pori ilikamilika kabla ya mipango ya kufikisha mashine porini.

Leo sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Tingatinga kubwa la karibu tani 40, likijumlishwa na lobedi na lori, linapita hapo, hivyo huhitaji kibali maalumu. Madereva wanaosimama mizani, wanaokaza minyororo na kuchunguza madaraja kabla ya kupita, wanailinda barabara iliyojengwa kwa kodi zetu. Wanastahili kuketi kwenye meza ya mipango tangu siku ya kwanza ya mradi, pamoja na wahandisi, kwa sababu hakuna ujenzi unaoanza kabla mashine haijafika.