Mazingira ya Mombasa bara: Jeraha la siku moja, tiba ya miaka mingi

MOMBASA hujulikana zaidi kwa kisiwa chake, bandari yake na Mji wa Kale. Hata hivyo, wakazi wengi wa kaunti hiyo hawaishi kisiwani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na kati yao 1,054,162 walikuwa bara: Kisauni na Nyali upande wa kaskazini, Changamwe na Jomvu upande wa magharibi, na Likoni upande wa kusini.

Huko bara ndiko kuliko na viwanda vingi, matangi ya mafuta, majaa ya takataka, machimbo ya mawe na mitaa isiyo na mabomba ya majitaka. Ndiko pia kuliko na mikoko, fukwe na visima ambavyo maelfu ya watu huvitegemea kwa chakula na maji.

Historia ya mazingira ya eneo hili katika miongo mitano iliyopita inafunza jambo moja. Uharibifu hutokea upesi, lakini tiba huja polepole, na huja pale tu ambapo yupo anayetakiwa kujibu. Pasipo na wa kujibu, gharama hubebwa na mkazi.

Mikoko ya hori mbili

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na mikono miwili ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu. Upande wa kaskazini ni hori la Tudor, linalopokea maji ya mito Kombeni na Tsalu. Upande wa kusini na magharibi ni Kilindini na hori la Port Reitz, linalopokea maji ya mto Mwache. Kingo za hori hizo mbili ndizo makao ya mikoko ya Mombasa.

Kenya ina aina 9 za mikoko. Miongoni mwa zinazoonekana sana Mombasa ni mlilana, ambao husimama karibu na maji makuu, mkoko wenyewe wenye mizizi iliyojikunja kama matao, mkandaa na mchu. Wenyeji wameitumia miti hiyo kwa karne nyingi kama boriti za nyumba, mbao za vyombo, kuni na dawa. Chini ya mizizi yake huzaana kamba, kaa na samaki wengi ambao baadaye huvuliwa bahari kuu. Miti hiyo pia huzuia mmomonyoko wa fukwe, na matope yake huhifadhi hewa ya kaboni kwa wingi kuliko misitu mingi ya nchi kavu.

Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko yote ya pwani kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kwa mujibu wa mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027, Kenya ina hekta 61,271 za misitu hiyo. Lamu pekee ina 37,350. Mombasa ina 3,771, yaani takriban asilimia 6.

Tangazo la sheria halikutosha kuilinda. Watafiti waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani waligundua kwamba kati ya mwaka 1992 na 2009 hori la Tudor lilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake, na eneo la Mwache likapoteza asilimia 45.4. Hicho ni kipindi cha miaka 17 tu.

Sababu ni nyingi. Miti ilikatwa kwa ajili ya ujenzi, kuni, makaa na hata kupika chang'aa vichakani. Majitaka kutoka mitaa ya jirani yaliingia horini bila kusafishwa. Mafuta nayo yalimwagika mara kadhaa, ikiwemo mwaka 1988 katika hori la Makupa na Aprili 2005 wakati meli ya mafuta ilipovuja karibu na Kipevu. Mkoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya matope. Mafuta yakiifunika, mti hufa kwa kukosa hewa, na matope yaliyolowa mafuta hukataa miche mipya kwa miaka mingi.

Pigo jingine lilitoka mbali na bahari. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka mashamba ya Kwale na Kilifi yaliyokuwa yamekatwa miti. Udongo huo uliizika mizizi ya mikoko ya Mwache. Kwa hivyo mikoko ya Jomvu na Changamwe haiwezi kulindwa ufukweni peke yake ilhali vilima vinavyoilisha mito vinabaki vitupu.

Risasi ya Owino Uhuru

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, katika sehemu iliyokuwa zamani chini ya Changamwe na ambayo sasa ni Jomvu. Kijiji hicho kina wakazi wapatao 3,000. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kiliendesha shughuli zake ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yakapita vichochoroni, na watoto wakacheza katika udongo huo huo.

Risasi haiozi wala haiyeyuki ikaisha. Ikiingia mwilini hujificha katika mifupa, huharibu figo na damu, humdhuru mama mjamzito, na kwa mtoto hudumaza ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake mchanga kugunduliwa kuwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kesi iliyofuata ilikuwa safari ndefu. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Iliamuru pia udongo usafishwe, au zilipwe Sh700 milioni kwa kazi hiyo. Mahakama iliona kwamba lawama haikuwa ya kiwanda peke yake, bali pia ya taasisi za serikali zilizokuwa na wajibu wa kuzuia madhara hayo. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo na kuirudisha kesi chini. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi wa mwaka 2020.

Kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi uamuzi wa mwisho ilipita miaka 10. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao kiwanda kilifungwa alikuwa tayari amefikisha umri wa darasa la nne au la tano.

Machimbo yaliyogeuka msitu

Kisauni ina habari ya upande wa pili. Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianza kuchimba mawe ya matumbawe mwaka 1954, na kwa miaka mingi iliacha nyuma yake uwanda mweupe wa mawe matupu, usio na udongo wala kivuli, na wenye maji ya chumvichumvi hatua chache chini.

Mwaka 1971 kampuni hiyo ilimkabidhi René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, kazi ya kuuhuisha uwanda huo. Katika aina 26 za miti zilizojaribiwa, ni chache tu zilizostahimili. Mshindi alikuwa mvinje, mti unaovumilia chumvi na ambao mizizi yake hujitengenezea mbolea kutokana na hewa. Lakini majani yake makavu hayakuoza, na bila kuoza hakuna udongo.

Dawa ilikuwa jongoo. Waswahili husema jongoo hutupwa na mti wake. Huko Bamburi jongoo aliletwa kwa ajili ya mti. Aliyala majani, kinyesi chake kikawa mboji, na mboji ikaotesha miti mingine. Wakafuata ndege, wadudu, samaki katika mabwawa, na hatimaye wanyama wakubwa. Umma ulifunguliwa milango mwaka 1984, na hifadhi hiyo sasa huitwa Haller Park. Dunia iliisikia zaidi baada ya kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa kufuatia tsunami ya Desemba 2004, kufanya usuhuba na kobe mzee.

Ni kosa kuuchukua mfano huo kama ruhusa ya kuchimba kwanza na kutengeneza baadaye. Ulifaulu kwa sababu mwenye machimbo alijulikana, alikuwa na fedha, na alivumilia kwa miongo kadhaa. Hori la Tudor halina mwenyewe wa namna hiyo.

Takataka, visima na matumbawe

Kwa muda mrefu takataka za Mombasa zilitupwa Kibarani, ukingoni mwa bahari, mahali ambapo kila mgeni aliyeingia kisiwani kutoka Changamwe alipapita. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilianza kuligeuza jaa hilo kuwa bustani. Takataka hazikutoweka. Zilipelekwa Mwakirunge, Kisauni, ambako mzigo ulihamia kwa wakazi wengine.

Tatizo la majitaka halionekani kwa macho. Mtambo wa Kipevu, Changamwe, huhudumia sehemu tu ya bara magharibi. Sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya chini, ilhali mwamba wa matumbawe umejaa matundu. Uchafu hupenya hadi kwenye maji ya visima, na pale visima vinapovutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia kutoka upande wa pili. Mombasa hutegemea pia maji ya mabomba kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, zote nje ya kaunti. Mabomba yakikauka, kisima ndicho kimbilio.

Baharini, Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, nayo iko mbele ya fukwe za Nyali na Bamburi. Uvuvi ulipozuiliwa kikamilifu mwanzoni mwa miaka ya tisini, samaki waliongezeka. Lakini joto la bahari la mwaka 1998 liliyafanya matumbawe kupauka na mengi yakafa, ndani na nje ya hifadhi. Doria ya askari humzuia mvuvi, haizuii joto.

Mtihani wa Likoni

Kipo kielelezo cha kosa la zamani kurekebishwa. Kwa zaidi ya miaka 80 tuta la Makupa liliunganisha kisiwa na Changamwe, na papo hapo likazuia maji kupita kati ya Tudor na Port Reitz. Daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 lilijengwa kuchukua nafasi ya tuta hilo, na mojawapo ya malengo yake ni kuyaachia maji njia.

Mtihani mkubwa sasa uko Likoni. Barabara ya Dongo Kundu imevuka maeneo ya mikoko ya Mwache na Mteza kwa madaraja, na eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu limepangwa kuleta viwanda na gati katika kingo za Port Reitz. Vijana wa Likoni na Mtongwe wanahitaji kazi hizo. Wavuvi wao wanalihitaji hori hilo hilo.

Sheria za kuamua baina yao zipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 iliunda mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, na kulazimisha tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani hata kabla hajathibitisha kuwa yeye binafsi amedhurika.

Owino Uhuru imeonyesha gharama ya kuisoma sheria hiyo baada ya kiwanda kuwashwa. Huko Dongo Kundu viwanda vingi bado havijajengwa, na kwa hivyo muda wa kuisoma mapema ungalipo.