Funza na Malazi ya Mifugo

Leo tuzungumze kuhusu mahali anapolala mbwa, paka au mbuzi wako, na mgeni anayejificha hapo: funza.

Hapa Nyamarambe bado utasikia watu wakisema funza ni laana, au ni alama ya mama mvivu. Historia yake haisemi hivyo. Asili ya funza ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibiani. Mwaka 1872 meli iliyoitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazili ikatia nanga Ambriz, Angola, ikiwa imejazwa mchanga wa kuipa uzito. Funza walikuwa ndani ya mchanga ule. Kutoka pwani walifuata njia za misafara, miguuni mwa wapagazi, na katika miaka 20 hivi walikuwa wamevuka bara zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 msafiri Oscar Baumann alipita Uzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, akakuta watu waliooza viungo na vijiji vilivyokwisha. Kabla ya mwaka 1900 funza alikuwa amefika Zanzibar. Magokoro wa siku zile hawakuwa wavivu, mama. Walivamiwa na mdudu wasiyemjua.

Lakini mdudu huyu hakukaa kwa binadamu peke yake. Huingia pia kwenye nyayo za mbwa, paka, nguruwe, mbuzi na panya. Jike akishaingia kwenye ngozi huvimba kama punje ya njegere, na mayai yake huanguka chini pale mnyama alipolala. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na katika wiki tatu hivi vumbi lile lina funza wazima. Ndiyo maana unaweza kumtoa mtoto funza Jumamosi hii, na mwezi ujao akawa nao tena. Mguu umetibiwa, malazi ya mbwa hayakuguswa. (Kuku ana kiroboto chake kinachong'ang'ania karibu na macho. Wengi hukidhania funza, ila kuku naye huchakura sakafu ikawa vumbi tupu.)

Kwa hiyo mbwa na mbuzi walale bandani, si jikoni wanapolala watoto. Gunia la mbwa lichomwe likichakaa. Nyunyiza maji kwanza ndipo ufagie, kila siku, hata pembeni na chini ya kitanda. Sakafu ya udongo ipakwe mara kwa mara isipasuke. Simenti ni bora zaidi, najua bei yake, lakini hata chumba kimoja cha watoto ni mwanzo. Angalia nyayo za mbwa kama unavyoangalia za mtoto.

Usitumie pini moja kwa watoto wote; pepopunda na virusi vya ukimwi vinaweza kupita hapo. Wala usimpake mtoto dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mlete kituo cha afya. Uliza kuhusu mafuta ya dimetikoni: humziba funza pumzi bila sindano, naye hukauka na kutoka na ngozi yenyewe.